Jumapili Anapumua Vizuri

Jumatatu Fisi huamka na njaa. Ndivyo wanawake wa karakana walivyosema kila wiki, na kila wiki walicheka, ingawa utani wenyewe ulikuwa umechakaa kuliko matambara waliyoilisha. Fisi ilikuwa mashine ya kuchana nguo kuukuu. Unaitia shati, suruali, shuka la hospitali, pazia la mtu aliyehama au aliyekufa, na upande wa pili linatoka donge la pamba ya kijivu, tayari kujazwa kwenye magodoro. Ilikula chochote, na ilipokula ilitoa sauti ya kucheka. Jina lake ililipata kwa haki.

Mama Kijiko alikuwa upande wa mdomo. Kazi yake ilikuwa kukata vifungo na zipu, kisha kuisukumia mashine nguo kwa viganja bila kuacha nafasi. Fisi ikikosa chakula mkanda unaungua, na mkanda ukiungua anaulizwa aliyekuwa mdomoni. Kwa hiyo mikono yake ilikuwa kwenye mashine, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto.

Mtoto alikuwa amekaa juu ya lundo la pamba karibu na ukuta, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Hakuwa analia. Mtoto anayelia ana pumzi ya kulilia, na huyu hakuwa nayo. Kila alipovuta hewa, kale kashimo kalicho chini ya koo kalizama ndani, na mbavu zikajichora kwenye gauni. Alipoitoa, ilitoka na filimbi nyembamba. Kwa kelele za Fisi mama yake hakuweza kuisikia, ila aliijua, kama unavyojua kuwa sufuria inachemka hata ukiwa chumba cha pili.

"Anavuta kwa tumbo," Shangazi alimwambia sikioni.

"Naona."

"Mtoe nje."

"Nikimtoa nje nani atashika mdomo?"

Shangazi alirudi kwenye nafasi yake. Alikuwa shangazi wa mumewe Mama Kijiko, na ndiye aliyemwingiza kazini hapo. Mume mwenyewe alikwenda kutafuta maisha, na inaelekea maisha yalimpata yeye kwanza, maana hakurudi wala hakutuma salamu. Shangazi alibaki upande wa mke. Alikaa upande wa mkia wa mashine, akiivuta pamba kwa reki ya mbao, na asubuhi hiyo yeye naye kifua kilikuwa kimembana.

Hali hiyo wanawake waliiita Jumatatu. Ukipumzika siku moja, siku ya kurudi kifua kinakubana kana kwamba umevaa blauzi ya mtoto, unakohoa hadi mchana, kisha mwili unazoea na wiki inaendelea. Mtu akichelewa asubuhi, wenzake husema Jumatatu imemkamata, na hata nyapara hucheka. Kwa nini Jumatatu iwakamate wao tu na isimkamate muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, hilo halikuwa swali la mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Mkanda ulipoteleza kidogo na Fisi ikazimwa ili urekebishwe, Mama Kijiko alimbeba mtoto begani akamfuata nyapara uani. Nyapara alikuwa mwanamume mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni. Kila kitu cha karakana kilikuwa chini ya kufuli yake, kuanzia mikasi mpaka sabuni ya kunawia, na ulimsikia kabla hujamwona.

"Naomba unihamishie chumba cha kushona," alimwambia.

Chumba cha kushona kilikuwa ng'ambo ya ua. Kilikuwa na madirisha pande zote mbili, na kazi yake ilikuwa kushona foronya za magodoro kabla hazijajazwa. Hakukuwa na pamba inayoruka humo. Wanawake wa kule walitoka jioni na nywele nyeusi.

"Unajua kushona wewe?"

"Najua. Nilikuwa nashona kabla sijaolewa. Na si kwa ajili yangu. Ni huyu mtoto."

"Kila mtu hapa anakitaka chumba cha kushona. Nikikuhamisha wewe leo, kesho nitaambiwa watoto wote wanaumwa."

"Huyu anaumwa kweli. Msikilize."

Nyapara alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, au tuseme hakuwa mbaya kuliko kazi yake. Alimtazama mtoto, akatazama pembeni.

"Mimi si daktari," alisema. "Leo daktari wa kampuni anakuja. Nenda akamwone. Akisema ni vumbi, mimi ni nani nikatae? Nitakuhamisha leo leo. Asiposema, unarudi kwenye mdomo na hunisumbui tena."

Basi Mama Kijiko alirudi kwenye mdomo na tumaini moja tu. Alitaka neno moja litoke kinywani mwa daktari, na neno lenyewe lilikuwa vumbi.

Mtoto alikuwa na jina lake la kweli, lakini lilibaki kliniki alikozaliwa. Karakana nzima ilimwita Kijiko, na sababu yake ilikuwa hii.

Hapo mama mwenye mtoto mchanga hafukuzwi. Bosi alipenda kulisema hilo mbele ya wageni. Maana yake ilikuwa kwamba ukishajifungua unarudi kazini kabla kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri, na mtoto unakuja naye. Wanawake walikuwa na desturi yao ya kumpokea. Walichukua pamba, wakaipitisha kwa Fisi mara ya pili, wakaifikicha kwa mikono, wakaichekecha kwenye wavu wa gunia la vitunguu mpaka ikawa laini kiasi kwamba ukiipuliza inapaa. Kila mmoja alileta konzi yake. Walimjengea mtoto kiota ukutani, mbali na mlango, na konzi ya mwisho iliwekwa na mama ambaye mtoto wake anakua vizuri, ili huyo mgeni naye akue. Hata mtoto wa bosi hakulala pahali laini namna ile. Kijiko aliwekwa kwenye kiota chake siku ambayo mama yake alikuwa bado anatembea kwa kujishikilia, na mwaka wake wote wa kwanza aliulala humo, mchana kutwa, hatua chache kutoka kwa Fisi.

Halafu alikuja mke wa bosi, ambaye wote walimwita Madamu. Madamu alikuwa na huruma na alikuwa na nafasi ya kuionyesha. Kila mtoto wa karakana alimpa chupa ya vitamini, dawa tamu ya rangi ya machungwa, na ikiisha alileta nyingine, hadi mtoto aanze shule. Chupa zilikaa rafuni pale pale kazini, kila moja na uzi wa rangi yake shingoni, kwa sababu Madamu alikuwa ameambiwa kwamba zikienda nyumbani zitauzwa. Siku ya kugawa chupa mpiga picha aliitwa. Picha moja ilitundikwa ofisini. Madamu ameshika kijiko, na mbele yake kuna kitoto kisicho na hata jino kimefungua mdomo wote. Kitoto hicho kilikuwa kimeshajifunza mlio wa kijiko kinapogonga shingo ya chupa, na kila kilipousikia kilipanua mdomo, hata kikiwa usingizini. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijiko akawa Kijiko, na mama yake akawa Mama Kijiko.

Kuna jambo ambalo hawakulijua. Siku nyingine, katika miezi ile ya mwanzo, Mama Kijiko alikuja kazini akiwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, na ziwa lilipofika mdomoni mwa mtoto halikutoa chochote. Siku hizo alimpa vijiko viwili. Alijua dawa si chakula. Lakini ilikuwa tamu, ilikuwa na picha ya mtoto mnene kwenye karatasi yake, na mwanawe alinyamaza.

Ofisi ya bosi ilikuwa na feni, na mlango wake ukifungwa kicheko cha Fisi kiligeuka mnong'ono. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono misafi. Kabla ya kumpima Kijiko alikipasha moto kile chuma cha kusikilizia kifua kwenye kiganja chake ili kisimshtue, na Mama Kijiko alimpenda kwa hilo. Madamu alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai. Bosi hakuwapo. Mambo ya watoto yalikuwa ya Madamu.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Kijiko wetu kafanyaje?"

Daktari alisikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akamwambia mtoto avute pumzi kwa nguvu, na mtoto akajitahidi.

"Ni pumu," alisema. "Ilianza lini?"

"Kabla hajaanza kutambaa."

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa, lakini tunapikia nje."

"Nani anavuta sigara?"

"Hakuna. Tuko sisi wawili na Shangazi."

"Kuna siku anapata nafuu?"

Hilo ndilo swali alilolingoja. Alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake tangu asubuhi, huku akikata vifungo.

"Jumapili. Jumapili anapumua vizuri, daktari. Anakimbia, anaimba mpaka tunamwomba anyamaze. Jumatatu akishaingia humu tu, anabanwa. Tena wiki nzima."

Kijiko cha Madamu kiliacha kuzunguka kwenye kikombe. Daktari aligeuza uso dirishani. Kwa nje kioo kilikuwa kimeota manyoya ya kijivu, na nyuma yake ulionekana mlango wa chumba cha Fisi, na mwanga wa jua uliopita mlangoni ulikuwa mzito kwa vitu vinavyoelea. Alitazama huko kwa muda. Kisha akamtazama Madamu, mara moja tu, na Mama Kijiko aliliona jicho hilo.

"Jumapili anakula nini ambacho siku nyingine hali?"

"Chakula ni kile kile."

"Kuna kitu siku nyingine anapata na Jumapili hapati?"

"Hakuna." Alifikiri. Alikuwa mkweli na alitaka kusaidiwa. "Labda vitamini. Jumapili hapati, kwa sababu chupa zinabaki kazini."

Daktari alilegeza mabega, kama mtu aliyepapasa mifuko yote na hatimaye akaupata ufunguo.

"Kwa hiyo Jumatatu mpaka Jumamosi anakunywa vitamini, na anabanwa. Jumapili hanywi, na anapumua."

Hata yeye mwenyewe alionekana kushangazwa na jinsi lilivyokaa sawa.

"Kuna utafiti," aliendelea, sasa akiongea na Madamu zaidi kuliko na mama. "Wapo watu waliofuatilia watoto waliopewa vitamini za chupa mapema, wangali wachanga. Baadhi ya watoto hao walionekana kupata pumu zaidi ya wenzao. Si jambo la uhakika, wengine wamechunguza wakakuta hakuna uhusiano, lakini lipo. Limeandikwa."

"Limeandikwa," Madamu alirudia taratibu. Katika yote yaliyosemwa, alichukua hilo moja.

"Huyu alianza kunywa akiwa na umri gani?"

"Alikuwa na wiki chache."

"Mapema sana. Na mlimpa kiasi gani? Kijiko kimoja?"

Angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo, labda hadithi hii ingekwisha vingine, au labda isingekwisha vingine hata kidogo. Lakini tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba daktari hadanganywi, kwa sababu ukimdanganya unamuua unayempenda. Alimtazama Kijiko magotini pake.

"Siku nyingine viwili," alisema.

"Viwili," Madamu alisema. Aliweka kikombe mezani. "Mwanangu, nani alikuambia viwili?"

"Maziwa yalikuwa hayatoki, Madamu."

"Ungesema. Ungekuja ukasema. Mimi chupa hizi nilizileta kwa moyo mweupe."

"Najua, Madamu."

"Kwenye karatasi imeandikwa. Kijiko kimoja."

"Najua."

Feni ilizunguka. Mama Kijiko, kwa kuwa neno alilolifuata halikuwa limetoka kwa mtu mwingine, alilitoa mwenyewe.

"Na vumbi je, daktari?"

"Vumbi liko kila mahali, mama. Hata barabarani lipo. Ingekuwa vumbi, humu ndani wangeumwa wote."

"Tunaumwa wote. Jumatatu."

Madamu alicheka, kicheko cha upole cha mtu anayetaka kumwondolea mwenzake aibu. "Jumatatu hata mimi naumwa," alisema. Daktari naye alitabasamu, na ilionekana wazi kwamba alishukuru.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Vitamini zikome mara moja, kwa watoto wote, kwa tahadhari. Kijiko apate pampu ya kuvuta, ile ya kubonyeza mdomoni. Daktari aliitaja, Madamu akasema ataileta yeye, na asiulizwe mtu senti. Mama Kijiko alipiga goti kushukuru. Kisha akauliza kuhusu chumba cha kushona.

"Uhame kwa nini tena?" Madamu alimwuliza kwa mshangao wa kweli. "Si tumeshajua ugonjwa ulikotoka?"

Alimsindikiza hadi mlangoni akiwa amemshika bega.

"Ila wenzako nao wanatakiwa kujua. Nikiwaambia mimi watasema nimechoka kutoa. Ukiwaambia wewe, mama mwenzao, watakuelewa. Waambie ulivyofanya. Pampu nitaileta kesho."

Hakusema kwamba asipowaambia pampu haitaletwa. Watu wa aina yake hawahitaji kusema.

Fisi ilizimwa ili Mama Kijiko asikike. Nyapara alimpandisha juu ya robota la nguo, na wanawake wakakusanyika chini, nywele zote za kijivu, vijana kwa wazee. Watoto wachanga walikuwa kwenye viota vyao ukutani.

"Sema kwa sauti," nyapara alisema.

Alisema. Alisema mwanawe ana pumu, na pumu imetokana na vitamini, na vitamini alimpa yeye, mapema mno, na siku nyingine vijiko viwili. Alisema daktari amesema imeandikwa. Alipofika kwenye vijiko viwili alishusha sauti, na nyapara akamwambia arudie, hawajasikia kule nyuma. Akarudia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto wa miezi michache alikwenda rafuni, akachukua chupa ya mwanawe, akaimimina yote kwenye mtaro wa maji machafu. Wengine wakafuata. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Alikuta Shangazi anamngoja bombani.

"Unaamini uliyoyasema?" Shangazi alimwuliza.

"Sijui. Viwili nilimpa kweli."

"Nilikuona."

Mama Kijiko aliacha kunawa. "Uliniona? Mbona hukunizuia?"

"Ningekuzuia nikupe nini badala yake?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia bomba likiwa wazi ili maji yafunike sauti, na alilia kwa hasira, hasira iliyokosa mtu wa kumwangukia ikamrudia mwenyewe. Kama ni pamba, basi aliyemweka mtoto kwenye pamba ni yeye. Kama ni kijiko, aliyeshika kijiko ni yeye. Kila njia aliyoipita kichwani ilimrudisha kwake, na hakuna hata moja iliyopita ofisini.

Pampu ililetwa kama ilivyoahidiwa, na ilifanya kazi. Unabonyeza, mtoto anavuta, na baada ya muda mabega yanashuka. Lakini ilikaa ofisini, kwenye droo ya nyapara, chini ya kufuli, kama chupa zilivyokaa rafuni.

"Nipe niende nayo nyumbani," Mama Kijiko aliomba. "Usiku anabanwa."

"Ukiipoteza atanunua nani nyingine? Na ukiondoka nayo moja kwa moja je?"

"Niende wapi?"

"Ndiyo maana nasema ikae hapa."

Kumbe mahali pa kwenda palikuwapo. Shangazi alimpatia kazi ya kufua katika nyumba moja ya mbali kidogo, nje, kwenye jua, na mtoto angekaa uani. Alipomweleza alikuwa na furaha, jambo ambalo si la kawaida yake. Mama Kijiko alisikiliza mpaka mwisho.

"Na pampu?" aliuliza.

Mshahara wa kufua ulikuwa wa kula tu, na ile pampu dukani haikuwa ya watu wa kula tu. Wiki iliyofuata kazi hiyo ilipata mtu mwingine.

Vitamini zilikwisha kwenye rafu na mwilini, na Jumatatu iliendelea kuja. Jumapili Kijiko aliimba. Jumatatu alikaa juu ya lundo, mabega juu. Mama yake alimwambia nyapara kwamba mtoto hajaonja vitamini muda mrefu, mbona bado. Nyapara alimwambia alichoambiwa na ofisi, kwamba madhara ya uchanga hayafutiki. "Hivyo viwili vyako," aliongeza, si kwa ubaya. Ofisini picha ya Madamu na kijiko ilikuwa imetolewa. Ukutani kulibaki mraba mweupe, mahali pekee pasipo na vumbi katika jengo zima. Naye daktari, alipokuja tena, alipita moja kwa moja kwenye chumba cha kushona kupima macho ya washonaji.

Kisha Bi Harusi akajifungua. Jina la Bi Harusi walimpa kwa sababu alianza kazi wiki aliyoolewa, hina ikiwa bado mikononi, na lilimganda hata baada ya hina kufutika. Alirudi Jumatatu na mtoto wa kiume aliyefungwa kwenye kanga mpya. Wanawake waliacha yote wakamzunguka. Walikuwa wameshaifikicha pamba tangu Ijumaa, wakaichekecha mara mbili badala ya moja, na kiota kilichosimama ukutani kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyotangulia.

"Mimi wangu hataonja kitu cha chupa," Bi Harusi alisema, akimwonyesha mtoto kwa kila mmoja. "Hata tone. Titi tu na hewa ya Mungu." Alimgeukia Mama Kijiko. "Na konzi ya mwisho uweke wewe."

"Mimi? Huwekwa na mama ambaye mtoto wake anakua vizuri."

"Wewe ndiye uliyetufumbua macho. Ungenyamaza, mwanangu leo angekuwa anapewa sumu. Weka, dada yangu."

Mama Kijiko alisogea karibu naye. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, funguo kiunoni, akitabasamu kama wengine.

"Mlaze pale mlangoni," Mama Kijiko alimwambia kwa sauti ya chini. "Humu ndani kifua..."

"Mlangoni?" Bi Harusi alicheka. "Na lile vumbi la barabarani lote?"

Wanawake walicheka pamoja naye. Mama Kijiko alifungua mdomo tena. Alimwona nyapara anamtazama, bila ukali wowote, na mkono wake umelalia funguo. Akaufunga mdomo. Aliinama, akachota konzi ya pamba iliyo laini kuliko zote, akaiweka pembeni mwa kichwa cha mtoto, akaisambaza kwa vidole polepole. Nyuzi chache zilipaa, zikatua kwenye kope zake. Mtoto alikunja pua, akapiga chafya.

"Afya," walimwambia wote kwa pamoja.

Fisi iliwashwa. Mama Kijiko alirudi kwenye mdomo wake, Shangazi kwenye mkia. Haikupita muda Kijiko aliteremka kutoka kwenye lundo, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa ofisi, akijishika ukuta. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameshajua pumzi yake inakaa wapi.

Alisikia funguo zinakuja. Aliinua uso, akapanua mdomo wote, kama alivyofanya zamani kijiko kilipogonga chupa. Nyapara alimpita. Alikuwa amechagua ufunguo wa stoo, kwa sababu lori la marobota lilikuwa limefika, na alikuwa na haraka. Kutoka kwenye mashine mama yake aliita, akaita tena, mikono ikisukuma mashati. Nyapara alikuwa ameshatokomea uani, na mtoto alibaki pale mlangoni, mdomo wazi, akingoja.